Mlango wa Kutokea: Kuvunja Ndoa Bila Wakili Lodwar na Kakuma

Je, mtu anaweza kuvunja ndoa yake mahakamani bila wakili? Nchini Kenya jibu ni ndiyo, tena ni jibu fupi. Kanuni za Mashauri ya Madai za mwaka 2010 zinamruhusu mhusika kuwasilisha karatasi zake mwenyewe, kufika mwenyewe na kujisemea mwenyewe. Ibara ya 48 ya Katiba inaitaka serikali ihakikishe kila mtu anaifikia haki, na ada ikidaiwa isiwe ya kumfungia mtu njia. Kwa mkazi wa Nairobi mazungumzo yanaweza kuishia hapo, kisha yakahamia kwenye gharama.

Katika Kaunti ya Turkana hayaishii hapo. Anayefika kwenye masjala ya mahakama ya Lodwar au ya Kakuma anakabiliwa na swali ambalo pengine hakuwahi kujiuliza nyumbani: ndoa yako ni ya aina gani, na nini kinaonyesha kwamba ipo? Wakili anaweza kupatikana kwa bei nafuu, anaweza kupatikana bure, na anaweza kukosekana kabisa na shauri bado likasikilizwa. Ndoa isiyothibitishwa, hata hakimu mwenye huruma hana namna ya kuivunja. Makala haya yanashikilia kwamba katika kaunti hii kinachomkwamisha zaidi mtu anayejiwakilisha ni ushahidi wa ndoa yenyewe. Aliye na ushahidi huo anaweza kwenda peke yake mbali kuliko anavyodhani, mpaka pale mali na watoto wanapoingia katikati.

Aina tano, njia tano

Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 ilikusanya sheria nyingi za zamani chini ya paa moja na kutambua aina tano za ndoa: ya Kikristo, ya kiserikali, ya kimila, ya Kihindu na ya Kiislamu. Zote zina hadhi sawa mbele ya sheria, lakini hazivunjwi kwa sababu zilezile wala kwa njia ileile.

Aliyefunga ndoa kanisani, tuseme katika parokia mojawapo ya Jimbo Katoliki la Lodwar, anaweza kuomba talaka mahakamani kwa kuonyesha uzinzi, ukatili, kutelekezwa kwa angalau miaka mitatu, upotovu uliokithiri, au kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutotengenezeka. Aliyefunga ndoa kwa msajili wa serikali ana orodha inayokaribiana na hiyo, yenye nyongeza kama vile mwenzi kufungwa jela miaka saba au zaidi, na wanandoa kutengana kwa miaka miwili au zaidi. Sheria ilimtaka huyu wa kiserikali asubiri miaka mitatu tangu harusi kabla ya kuomba talaka, lakini Mahakama Kuu imekwisha kutangaza kwamba sharti hilo linakwenda kinyume na Katiba. Mwislamu huachana kwa sheria ya dini yake. Wa kimila ana sababu zinazofanana na za Mkristo, na juu yake ameongezewa sababu yoyote inayokubaliwa na mila za jamii yake.

Kosa linalowapata wengi hapa ni kutoka kwa mlango ambao hawakuingilia. Mtu aliyefunga ndoa kanisani anapata uamuzi wa mahakama ya kanisa kwamba ndoa yake haikuwa halali kidini, akadhani yuko huru. Kwa Kanisa yuko huru. Kwa serikali bado ni mume au mke wa mtu, na akioa au kuolewa tena anaweza kushtakiwa kwa kosa la jinai. Mwingine wazee wamekwisha kumtenganisha na mumewe chini ya mti, mifugo ikarudi, na kila mtu kijijini anajua. Miaka kumi baadaye mume anafariki, na jina la mwanamke huyo linatajwa tena kwenye shauri la urithi. Mambo ambayo kijiji kimeyasahau, masjala haiyasahau, kwa kuwa haikuwahi kuambiwa.

Mifugo iliyofunga ndoa

Ndoa ya Kiturkana haifungwi kwa siku moja. Huanza kwa maneno baina ya koo, huendelea kwa mahari inayohesabiwa kwa ngamia, ng'ombe, mbuzi na punda, na hukamilika kwa sherehe ya akuuta ambapo dume la ng'ombe huchinjwa. Mahari hiyo haitoki kwenye zizi moja. Baba, wajomba, ndugu na marafiki wa bwana harusi huchangia, na upande wa bibi harusi hugawana vilevile. Mwanaanthropolojia P. H. Gulliver, katika kitabu chake cha mwaka 1955 juu ya mifugo ya familia za Wajie na Waturkana, alieleza kwa kina jinsi mifugo inavyofunga watu kwa watu. Kuvunja ndoa ya namna hiyo ni kufumua mkeka ulioshonwa na mikono mingi: mbuzi aliyetolewa miaka minane iliyopita amekwisha kuzaa, kuuzwa, kuchinjwa, au kufa kwa ukame.

Ukame huo una uzito wa kisheria. Kati ya mwaka 2020 na 2023 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo katika eneo la Pembe ya Afrika, na wafugaji wa kaskazini mwa Kenya wakapoteza mifugo mingi. Mahari zilizoahidiwa zikabaki nusu. Je, mwanamke ambaye mahari yake haikukamilika ameolewa? Mzee wa ukoo anaweza kusema bado. Sheria ya Ndoa inasema kwamba pale mahari inapohitajika kuthibitisha ndoa ya kimila, kiasi kidogo cha kuashiria tu kinatosha. Kwa mwombaji asiye na wakili, sentensi hiyo ina thamani kubwa: hahitaji kuonyesha zizi zima, anahitaji shahidi aliyewaona wale mbuzi wa mwanzo wakivuka kutoka awi (boma) moja kwenda nyingine.

Sheria hiyohiyo inawataka wanandoa wa kimila waijulishe ofisi ya Msajili wa Ndoa ndani ya miezi mitatu baada ya taratibu za mila kukamilika, kisha wafike wenyewe kupata cheti. Kanuni za kusajili ndoa za kimila zilianza kutumika mwaka 2017. Hata hivyo, familia inayofuata malisho karibu na mpaka wa Uganda au Ethiopia haipangi safari ya kwenda mjini kwa ajili ya cheti, na wengi wanaofika mahakamani hawana. Hapo ushahidi unajengwa upya: barua ya chifu, viapo vya wazee waliohudhuria, ndugu waliochangia mahari, vyeti vya kuzaliwa vya watoto vyenye majina ya wazazi wote wawili. Mwamba ngoma huvutia kwake, kwa hiyo mashahidi wa upande mmoja tu wana uzito mdogo. Mzee mmoja wa upande wa mume anayekubali kwamba mifugo ilitolewa anaweza kufanya kazi kuliko ndugu watano wa mke.

Na waliokaa pamoja tu, bila mahari wala cheti, katika ndoa ambayo Wakenya huiita kam-wi-stei? Mahakama ya Juu, katika uamuzi wa Januari 2023, ilisema kwamba mahakama inaweza kudhani ndoa ipo kutokana na watu kuishi muda mrefu kama mke na mume, lakini dhana hiyo itumike kwa nadra. Ina maana kwamba mtu wa namna hii, kabla ya kuomba talaka, anaweza kulazimika kuthibitisha kwamba aliwahi kuolewa. Akishindwa, hana talaka ya kuomba, ingawa watoto wake wana haki zao zote.

Wazee kwanza?

Hapa kuna mkanganyiko unaowagharimu wanawake zaidi. Wengi huambiwa kwamba hawawezi kwenda mahakamani kabla wazee hawajakaa. Sheria inasema wanandoa wa kimila *wanaweza* kupitia usuluhishi wa kimila kabla mahakama haijaamua, haisemi lazima. Usuluhishi huo ukifanyika, aliyeuongoza anatakiwa aandike ripoti kwa ajili ya mahakama. Katiba, kwenye Ibara ya 159, inahimiza njia za jadi za kutatua migogoro, na papo hapo inaziwekea mpaka: zisivunje haki za msingi. Mwaka 2020 Idara ya Mahakama ilitoa sera ya mifumo mbadala ya haki inayotaka mahakama na mabaraza ya wazee vifanye kazi kwa kushirikiana.

Kwa anayejiwakilisha, kikao cha wazee kina faida moja ambayo hata wakili hana: kinaweza kuzaa ushahidi. Wazee wakikaa na kushindwa kupatanisha, ripoti yao inathibitisha mambo mawili kwa pamoja, kwamba ndoa ilikuwapo na kwamba haitengenezeki. Lakini kikao hicho si mahali pa mwanamke anayepigwa. Wazee wa ukoo uliopokea mifugo wana sababu ya kumrudisha kwa mume, kwa kuwa talaka itawalazimu kurudisha kile ambacho hawanacho tena. Mwanamke wa namna hiyo ana Sheria ya Kinga Dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya mwaka 2015, na anaweza kuomba amri ya ulinzi bila kungoja talaka. Isitoshe, kurudishwa kwa mahari hakumo katika sababu za talaka zilizoorodheshwa kwenye Sheria ya Ndoa. Mahakama ya hakimu ina mamlaka ya kusikiliza madai ya mahari kimila. Mwenye kudai mbuzi wake ana mahali pa kuwadai, na mwanamke hana sababu ya kubaki kuwa rehani.

Safari ya karatasi

Kesi ya talaka hufunguliwa katika mahakama ya hakimu. Lodwar ina mahakama ya hakimu na Mahakama Kuu. Kakuma, yapata kilomita 120 kaskazini magharibi, ina mahakama yake ya hakimu. Hilo si jambo dogo katika kaunti yenye eneo la kilomita za mraba zaidi ya 68,000 na watu 926,976 kwa mujibu wa sensa ya 2019, ambako anayetafuta mawakili wengi wa kuchagua hulazimika kufikiria safari ya Kitale, yapata kilomita 300 kusini.

Karatasi zenyewe hazitishi. Kuna ombi la talaka linaloeleza nani ameoana na nani, lini, wapi na kwa njia gani, watoto ni wangapi, nini kimetokea, na mwombaji anataka nini. Kuna kiapo kinachothibitisha maelezo hayo, kinachoapwa mbele ya kamishna wa viapo au hakimu. Kuna maelezo ya mashahidi na nyaraka. Tangu Machi 2024 mfumo wa kufungua kesi kwa mtandao umeenezwa nchi nzima, na ada hulipwa kwa simu. Asiye na kompyuta huenda kwenye sayba, na hapo kuna hatari iliyojificha. Sheria ya Mawakili inamkataza asiye wakili kuandika hati za kesi kwa malipo. Mwenye sayba anaweza kupiga chapa maneno yako. Akianza kukutungia madai kutokana na kesi ya mteja wa jana, unaweza kujikuta umeapa kwamba ulifunga ndoa kanisani wakati ulifunga kwa mila. Kosa hilo huonekana siku ya kusikilizwa, na wewe ndiye uliyeapa.

Baada ya kufungua, mwenzi lazima ajulishwe. Kwa Turkana hatua hii huweza kuwa nzito kuliko zote. Mume aliyehamia na mifugo kwenye adakar (kambi ya malisho) ya mbali hana anwani, na mahakama haitaki kusikia kwamba "anajua tu". Marekebisho ya kanuni mwaka 2020 yaliruhusu hati kupelekwa kwa barua pepe na kwa programu za ujumbe wa simu kama WhatsApp. Kwa mume anayefanya kazi mjini Lokichar, hilo linatosha. Pasipo mtandao, mahakama inaweza kuombwa itoe ruhusa ya njia nyingine ya kumfikishia wito. Jambo la kukumbuka ni kwamba kila mara aliyepeleka hati huapa kiapo kueleza lini, wapi na jinsi gani. Bila kiapo hicho kesi husimama.

Mwenzi akinyamaza, ushindi haujapatikana. Mwombaji bado atasimama kizimbani na kueleza. Hapo Kiswahili kina nafasi yake: lugha ya mahakama za chini nchini Kenya ni Kiingereza au Kiswahili, na anayezungumza Kiturkana tu huwekewa mkalimani. Asiye na wakili hapaswi kujaribu kuzungumza kama wakili. Tarehe, mahali, nani alikuwapo, nini kilitokea, basi. Hayo yana nguvu kuliko maneno makubwa. Hakimu akiridhika hutoa amri ya awali, na baada ya muda uliowekwa hutoa amri ya mwisho. Mpaka hiyo ya pili itoke, ndoa bado ipo.

Kakuma: ndoa zilizovuka mpaka

Kambi ya Kakuma ilianzishwa mwaka 1992, walipofika vijana waliokimbia vita vya Sudan. Leo kambi hiyo na makazi ya Kalobeyei yaliyo jirani yake yana zaidi ya watu laki mbili, kutoka Sudan Kusini, Somalia, Kongo, Ethiopia, Burundi na kwingineko. Ndoa zao zilifungwa Bor, Kismayo au Uvira, mbele ya mapadri, masheikh na machifu ambao pengine hawapo tena. Vyeti vilichomeka au viliachwa.

Hata hivyo mkimbizi si mgeni mbele ya sheria. Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951, ambao Kenya imeuridhia, unampa haki ya kufika mahakamani na kupata msaada wa kisheria sawa na mwenyeji, na unazitaka nchi ziheshimu haki zilizotokana na ndoa aliyoifunga kabla. Mkataba huohuo unaitaka nchi anakoishi imsaidie kupata hati ambazo angezipata kutoka kwa serikali yake. Sheria ya Ndoa ya Kenya nayo inatambua ndoa zilizofungwa nje kwa kufuata sheria za huko. Na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016 inawataja wakimbizi kati ya wanaostahili kusaidiwa kwa gharama za umma.

Shida ya mkimbizi ni ya aina nyingine. Jamii nyingi kambini zina mabaraza yao ya wazee yanayoamua ugomvi wa ndoa, na wengi huridhika nayo. Uamuzi wa baraza unatosha mpaka siku ambapo mtu wa nje ya jamii anauliza karatasi. Mama anayepelekwa kuishi nchi ya tatu akiwa na watoto, huku baba yao akiwa Juba au hajulikani aliko, ataulizwa nani ana ulezi wa watoto hao. Baraza haliwezi kumjibia. Amri ya mahakama inaweza. Kwa hiyo kwa wakimbizi wengi ombi la talaka ni safari ya kutafuta karatasi ya watoto, na pengine ombi la ulezi pekee, bila talaka, lingewafikisha haraka zaidi. Hilo ni jambo la kuuliza kabla ya kuandika chochote. Shirika la Refugee Consortium of Kenya hutoa ushauri wa kisheria kwa wakimbizi Kakuma, na ushauri wa saa moja mwanzoni unaweza kumwepusha mtu na mwaka mzima wa kesi isiyo yake.

Kwa Waislamu wa Kakuma na Lodwar, Wasomali wakiwa wengi kati yao, njia ni ya kadhi. Ibara ya 170 ya Katiba inampa kadhi mamlaka juu ya ndoa, talaka na mirathi pale wahusika wote ni Waislamu na wanaikubali mahakama yake. Hapa kwenda bila wakili ni jambo la kawaida. Linalohitajika ni kujua unachoomba: mume aliyekwisha kutamka talaka anaomba isajiliwe, mke anayetaka kujitoa kwa kurudisha mahari anaomba khului, mke aliyetelekezwa au kudhulumiwa anaomba kadhi avunje ndoa kwa faskhi. Mke aliyedhulumiwa akiomba khului badala ya faskhi hupoteza mahari ambayo hakupaswa kuirudisha. Talaka iliyotamkwa nyumbani bila kusajiliwa inamwacha mwanamke amemaliza eda yake huku hana cha kuonyesha.

Talaka ni nusu ya kesi

Mpaka hapa picha inampa moyo anayejiwakilisha. Sasa upande wa pili. Amri ya talaka yenyewe haigawi kitu. Watoto wana sheria yao, Sheria ya Watoto ya mwaka 2022. Mali ina yake, Sheria ya Mali ya Wanandoa ya mwaka 2013, na huwa kesi ya peke yake.

Kuhusu watoto, mtu anaweza kusimama mwenyewe. Katika mila nyingi za wafugaji watoto huhesabiwa kwa upande uliotoa mifugo, lakini Ibara ya 53 ya Katiba inawapa baba na mama wajibu ulio sawa, wawe wameoana au la, na kipimo cha mahakama ni maslahi ya mtoto. Mama anayeweza kueleza mtoto analala wapi, anasoma wapi na nani analipa nini, amekwisha kufanya sehemu kubwa ya kazi ya wakili.

Kuhusu mali, tahadhari. Mahakama ya Juu ilisema wazi, Januari 2023, kwamba kuoana peke yake hakumpi mtu nusu ya mali. Kila mmoja athibitishe mchango wake. Kazi za nyumbani, malezi, kuchunga na kusimamia biashara ni michango inayotambuliwa. Lakini nani atathibitisha kwamba mbuzi sitini walio Loima walikua kwa jasho la mke, wakati wana alama ya ukoo wa mume? Ardhi nyingi ya Turkana ni ya jamii na haina hati ya mtu binafsi. Duka la Lodwar limeandikwa kwa jina la shemeji. Mambo haya yanahitaji mtu anayejua kuuliza maswali kizimbani, na pale upande wa pili una wakili, kwenda peke yako ni kujitupa kisimani ukitumaini kuna maji.

Basi hesabu inakuwa hivi. Mwenye cheti, au mwenye mashahidi wa pande zote mbili, ambaye mwenzi wake hapingi au ameondoka, na asiye na mali kubwa ya kugombania, aende mwenyewe. Asiye na ada aombe mahakama imruhusu kushtaki kama maskini. Kanuni zina njia hiyo. Mwenye mali ya kugombania, au mwenye mwenzi aliyeajiri wakili, atafute msaada kabla ya kufungua kesi, kwa kuwa ombi lililoandikwa vibaya hugharimu zaidi kulirekebisha kuliko kuliandika. Na mwanamke aliye hatarini aanze na amri ya ulinzi. Talaka inaweza kungoja.

Kuna kundi moja zaidi ambalo halijafikiria talaka kabisa: waliooana kimila mwezi uliopita. Wao bado wamo ndani ya ile miezi mitatu ya kumjulisha msajili, wakati wazee waliohesabu mbuzi bado wanakumbuka rangi zao. Wengi hawatamhitaji wakili wala hakimu maisha yao yote. Lakini yule mmoja atakayemhitaji hakimu, miaka ishirini ijayo, atafika masjalani akiwa na jibu la swali la kwanza.